Ruka Juu, Lakini Tazama Unapotua



Leo tunaanza na swali. Ukiambiwa uchague kimoja tu, cheti cha kidato cha nne au mtaji wa kuanzisha biashara yako, utachukua kipi? Usijibu haraka haraka. Wako watakaosema, "Cheti cha nini bwana, mtaani wamejaa wenye vyeti wanapiga miayo." Wengine watasema, "Biashara ni ya walioshindwa shule." Pande zote mbili huwa zinasema kwa sauti kubwa, lakini ni wachache wanaokaa chini wakapiga hesabu.

Mwaka 2011 swali hili liliingia kwenye luninga hapa Tanzania. Watafiti nao wakalifuatilia kwa miaka kadhaa, na jibu walilolipata si lile ambalo wengi wetu tungelitarajia. Somo letu la leo ni hilo. Chukua kalamu na karatasi, maana mbele kuna hesabu kidogo.

MCHEZO ULIVYOKUWA

Kipindi kiliitwa Ruka Juu. Kiliandaliwa na shirika la Femina HIP, wale wanaochapa jarida la vijana la Fema, kikaonyeshwa katika luninga ya taifa kwa karibu miezi mitatu. Kilikuwa shindano la biashara. Vijana waliokuwa na biashara zao ndogo ndogo walishindanishwa mbele ya kamera, wakapimwa kwa namna wanavyoendesha kazi zao, na mwishoni akapatikana mshindi. Mtazamaji alikaa nyumbani akicheka, akibishana na kaka na dada zake nani ashinde, na huku somo linaingia.

Mtindo huu wa kufundisha huku unaburudisha si mgeni kwetu. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Wazazi wako huenda wanamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori asiyetulia na mwanamke mmoja. Mchezo ule ulizungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka ya mwanzo haukurushwa kupitia mtambo wa Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Ikaonekana kwamba kule uliposikika, watu wengi zaidi walianza kutumia njia za uzazi wa mpango. Kwa hiyo mchezo mzuri unaweza kubadili mwenendo wa mtu. Hilo halina ubishi.

Sasa basi, ikiwa redio iliweza kufundisha uzazi wa mpango, je, luninga haiwezi kufundisha biashara?

JARIBIO LENYEWE

Watafiti wa Chuo cha Uchumi cha Norwei, kilichopo Bergen, pamoja na wenzao waliokuwa Tanzania, waliamua kulipima jambo hili. Walichukua wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari, waliokuwa wanakaribia mtihani wa kidato cha nne. Wakagawanywa kwa bahati nasibu, kama vile kupiga kura ya karatasi. Kundi moja likapewa motisha ili liangalie Ruka Juu kila wiki. Kundi lingine halikupewa motisha hiyo.

Kwa nini bahati nasibu? Tuelewane hapa, kwa sababu jambo hili litakusaidia hata kwenye somo la baiolojia. Tuseme ungewaacha wanafunzi wachague wenyewe kuangalia au kutoangalia. Wanaopenda biashara ndio wangekimbilia luninga. Baadaye ukikuta wamefungua vioski, utajuaje kama ni kipindi kilichowabadilisha, au walikuwa hivyo tangu mwanzo? Lakini makundi yakigawanywa kwa kura, wapenda biashara watakuwepo huku na kule, wavivu watakuwepo huku na kule, na wenye akili za darasani vilevile. Tofauti kubwa ikionekana baadaye, kuna sababu nzuri ya kusema imeletwa na kipindi. Dawa mpya za binadamu nazo hupimwa kwa njia hii hii kabla ya kuruhusiwa.

MATOKEO: TAMU, HALAFU CHUNGU

Kwanza ile tamu. Muda mfupi baada ya kipindi kumalizika, wanafunzi waliokiangalia walionyesha hamu kubwa zaidi ya ujasiriamali kuliko wenzao. Hamu hiyo ilionekana zaidi kwa wasichana. Fikiria maana yake. Msichana aliyezoea kuambiwa asubiri kuolewa anaona kumbe naye anaweza kushika fedha yake, akaamua mambo yake. Hilo si jambo dogo hata kidogo.

Halafu ile chungu. Matokeo ya mitihani yalipotoka, kundi lililohimizwa kuangalia Ruka Juu lilikuwa limefanya vibaya kuliko kundi lingine. Miaka ilipopita, watafiti waliwatafuta tena. Wakakuta kwamba katika kundi la Ruka Juu, walioendelea na masomo ni wachache zaidi.

Utasema, "Sawa, lakini si walifungua biashara?" Hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Watafiti hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kundi hilo lilikuwa na biashara nyingi kuliko lile lingine. Kwa maneno mengine, wengine waliachia tawi la kwanza kabla hawajashika la pili. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la kitaalamu la Management Science.

Tahadhari moja hapa. Jaribio hili halisemi kwamba kila aliyeangalia aliharibikiwa. Linazungumzia kundi zima kwa wastani. Yawezekana yupo aliyeangalia, akafaulu mtihani na sasa ana duka lake. Wala halisemi kwamba waandaaji walikuwa na nia mbaya, la hasha! Nia yao ilikuwa kumwinua kijana. Somo letu ni kwamba ujumbe mzuri unaweza kufika masikioni mwa msikilizaji ukiwa umegeuka.

KWA NINI ILIKUWA HIVYO?

Hebu tufikiri pamoja. Wewe uko kidato cha nne. Mtihani unakaribia, hesabu za logi zinakusumbua, nyumbani mafuta ya taa yamekwisha. Kila siku unaambiwa "soma, soma." Siku moja unawasha luninga, unamwona kijana wa umri unaokaribiana na wako. Amevaa vizuri, anasema "biashara yangu." Watu wanampigia makofi. Kuna sauti itakayoanza kukunong'oneza ndani: "Kumbe inawezekana bila kuhangaika hivi." Hakuna mtu kwenye kipindi aliyesema "acha shule." Lakini wewe umejisikia umeambiwa.

Kumbuka pia hali ya mwaka 2011. Ada ya sekondari ya serikali ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake kulikuwa na michango, sare, madaftari na nauli. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita ikafuata mwaka 2022. Kwa familia nyingi wakati ule, kila muhula ulikuwa ni swali: tuendelee kulipa au basi? Mtoto akianza mwenyewe kuyumba, ni rahisi swali hilo kujibiwa "basi."

Na kuna mambo ambayo luninga, kwa asili yake, haiwezi kukuonyesha yote. Miezi sita ya kazi inakatwa ikawa nusu saa. Asubuhi ambayo mvua ilinyesha na hakuna mteja aliyepita haina picha nzuri, kwa hiyo inaachwa. Tena wanaofika kwenye shindano ni wale ambao biashara zao bado zipo. Yule ambaye karanga zake ziliota ukungu, akarudi nyumbani na deni, hakuitwa studio. Ukiwahesabu waliovuka mto peke yao, utadhani mto hauna mamba.

Hii ni kweli kwa Ruka Juu na kwa mashindano mengine ya aina hii duniani. Kule Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilianzishwa kipindi ambacho watu wanapeleka wazo la biashara mbele ya matajiri, nao matajiri wanaamua kutoa fedha au kukataa. Uingereza wakaiga mwaka 2005 kwa jina la Dragons' Den, kisha nchi nyingi zikafuata. Unapoangalia vipindi hivyo, furahi, jifunze, lakini jiulize: ni kitu gani hakikuonyeshwa?

TUPIGE HESABU

Hebu tuonyeshe sisi kile ambacho kamera inakiruka. Tuseme unataka kuuza maandazi. Bei zifuatazo ni za mfano tu, wewe weka za mtaani kwako.

Unakaanga maandazi 100 kwa siku na kuuza kila moja shilingi 200. Yote yakiisha, mkononi una shilingi 20,000. Wengi hapo hushangilia, "Elfu ishirini kwa siku!" Subiri kwanza.

Unga: 6,000
Mafuta ya kula: 4,000
Sukari na hamira: 2,000
Mkaa: 2,000
Jumla ya gharama: 14,000

Zimebaki 6,000. Je, hiyo ndiyo faida? Bado. Siku nyingi maandazi hayaishi yote. Tuseme 10 yamebaki, au yameliwa na wadogo zako, au yamechukuliwa na rafiki aliyesema "nitakupa kesho." Hizo ni 2,000. Umenunua na mifuko ya kufungia, 500. Sasa una 3,500.

Haya, ulianza kazi saa kumi alfajiri, ukamaliza kuuza na kuosha vyombo saa tano asubuhi. Ni saa saba za kazi. Gawanya 3,500 kwa 7, unapata shilingi 500 kwa saa. Na hapo hatujahesabu karai litakalotoboka wala siku utakayougua malaria.

Hatusemi 3,500 ni kitu cha kudharau. Kuna nyumba zinalala zimeshiba kwa fedha hiyo, na mama zetu wengi wametusomesha kwa maandazi hayo hayo. Tunachosema ni kwamba saa zile saba za asubuhi ndizo saa za darasani. Ukizitumia kwenye karai, umezinunua kwa bei ambayo haipo kwenye orodha yetu ya gharama. Wachumi wana jina refu la bei hiyo, lakini wewe ikumbuke hivi: ni kile ulichokiacha ili ukipate hiki.

MKOPO WA HARAKA

Kuna mtego mwingine. Ukishapata hamu ya biashara, swali linalofuata ni mtaji. Na mtaani hakukosi mtu wa kukukopesha. Siku hizi mikopo ya namna hii ina jina lake, kausha damu. Jina limetosha.

Tuseme unakopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Riba peke yake ni 40,000 kila mwezi. Rudi kwenye maandazi: 3,500 kwa siku, mara siku 26 za kazi, ni shilingi 91,000. Ukitoa 40,000 umebaki na 51,000, na ile 200,000 bado unadaiwa yote! Ukilipa riba tu kwa miezi mitatu umetoa 120,000 na deni liko pale pale, linakutazama.

Deni linaingia mwilini pia. Mtu anayedaiwa analala macho wazi, anakwepa njia fulani, anashtuka simu ikiita, anakuwa mkali kwa watu bila sababu. Msongo wa mawazo si jambo la kudharau, na kijana anayesubiri mtihani hauhitaji. Kwa wasichana kuna hatari ya zaidi. Mkopeshaji, au tajiri wa jumla anayekupa mzigo kwa mali kauli, anaweza kuanza kudai malipo ya aina nyingine. Dada, elewa hili vizuri: fedha ya mtu inalipwa kwa fedha. Anayetaka mwili wako kwa ajili ya deni anafanya kosa, si wewe unayefanya kosa. Mwambie mtu mzima unayemwamini mapema, kabla mambo hayajawa makubwa.

DARASA NI KINGA

Huenda unajiuliza gazeti la afya linatafuta nini kwenye biashara. Ni hivi. Kukaa shuleni ni jambo la afya yako.

Mfano mzuri uko Botswana. Mwaka 1996 nchi hiyo ilibadili mfumo wake wa elimu, na kwa sababu ya mabadiliko hayo vijana wengi walisoma mwaka mmoja zaidi wa sekondari kuliko waliowatangulia. Baadaye watafiti walilinganisha rika lililopata mwaka huo na rika lililoukosa. Katika rika lililoukosa, watu wapatao 25 kati ya 100 walikuwa wameambukizwa VVU. Kwa mwaka mmoja tu wa sekondari ulioongezeka, makadirio yalishuka hadi kama 17 kati ya 100. Kwa wanawake kinga hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015.

Ni mwaka mmoja wa ubao na chaki, wala si sindano! Sababu zinaweza kuwa nyingi. Aliyesoma zaidi anaelewa vizuri zaidi maelezo ya kujikinga. Anachelewa kuolewa. Anakuwa na marafiki wa rika lake. Ana nafasi zaidi ya kupata kipato chake, kwa hiyo ana nguvu zaidi ya kusema "hapana" kwa mtu mwenye chipsi na vocha.

Unaona sasa jinsi mambo yanavyoshikana? Kipato chako ni kinga. Na darasa ni kinga. Ukiua moja ili upate jingine, na hilo jingine nalo usilipate, umebaki huna ngao.

KWA HIYO NISIFANYE BIASHARA?

Nani kasema? Fanya! Wengi wenu mnafanya tayari, mnauza barafu, karanga, vitumbua na mayai ya kuku mnaofuga nyumbani, na wapo wanaolipia madaftari yao kwa kazi hizo. Swali ni namna gani na wakati gani. Haya hapa mambo sita ya kushika.

1. Saa za shule ni za shule. Chagua kazi inayokubali kusubiri. Kuku wanalishwa asubuhi na jioni. Bustani ya mchicha inamwagiliwa ukirudi. Maandazi hayasubiri.

2. Usingizi usiuuze. Kijana wa umri wako anahitaji kulala saa nane hadi kumi kila siku. Ukilala saa nne kwa sababu ya biashara, darasani utakuwepo mwili, akili iko kitandani.

3. Andika. Nunua daftari moja, piga mstari katikati. Kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka, kila siku. Ukishindwa kuandika kwa wiki mbili tu, ujue bado hujawa tayari.

4. Anza na mtaji wako mwenyewe. Kibubu kinatosha. Shilingi 500 kila wiki kwa wiki 40 za shule ni 20,000, na haina riba. Kama nyumbani mama yuko kwenye vikoba, mwombe akueleze wanavyoendesha hisa zao. Hilo ni darasa la bure.

5. Karatasi usiyoielewa usiisaini. Kwa sheria zetu mtu chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa na uwezo wa kuingia mkataba. Anayekuharakisha usaini ana lake jambo.

6. Miezi ya mwisho kabla ya mtihani, funga duka. Wateja watarudi. Mtihani ukipita umepita, na kuurudia kuna gharama yake.

MWAMBIE NA MZAZI

Jambo moja ambalo vijana wengi hulificha ni mipango yao. Wanaogopa kuchekwa au kukaripiwa. Lakini ukimweleza mzazi kwa heshima na kwa hesabu, mara nyingi atasikiliza. Kwa mfano:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja na daftari?"

"Mama, naomba tuongee. Nataka kufuga kuku watano. Nimeshaweka akiba elfu thelathini. Hesabu yake hii hapa."

"Na shule?"

"Nitawalisha kabla ya kwenda na nikirudi. Muhula wa mtihani nitakuomba mama na mdogo wangu mnisaidie. Nikiona nashuka darasani, nawauza wote."

Tazama huyu kijana amefanya nini. Amekuja na akiba, hesabu na muda. Amesema mwenyewe ni lini ataacha. Mzazi gani atamfukuza? Na hata mama akikataa leo, ameshajua kwamba ana mtoto anayefikiri.

NA KAMA SHULE IMESHAKATIKA?

Pengine unasoma haya ukiwa nje ya shule tayari. Umefeli, au ulipata mimba, au nyumbani hakukuwa na uwezo. Usidhani somo hili limekuruka. Tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania imeruhusu wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Mtihani wa kidato cha nne unaweza kufanywa na mtahiniwa wa kujitegemea. Vyuo vya VETA vinafundisha ushonaji, umeme, ufundi magari, mapishi na kazi nyingine, na fundi mwenye cheti ana silaha mbili, ujuzi na karatasi. Hata kwako wewe biashara na masomo vinaweza kwenda pamoja.

Wale vijana wa 2011 leo ni watu wazima, wengine wana watoto. Walituachia somo ambalo wao wenyewe hawakuwa wameonywa. Hamu ya kuruka juu ni kitu kizuri, na asiwepo wa kukuzimia. Lakini mrukaji mzuri kwanza anakanyaga chini, anakaza miguu, anatazama atatua wapi. Kwa mwanafunzi, hapo chini pa kukanyagia ni shule.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI AU KLABUNI

1. Watafiti waligawa wanafunzi kwa bahati nasibu. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini hilo lilikuwa muhimu.

2. Ungekuwa mwandaaji wa Ruka Juu, ungeongeza kitu gani kwenye kipindi ili mtazamaji asidharau masomo?

3. Mtembelee mtu mmoja anayefanya biashara ndogo karibu na kwenu, kwa heshima na akiwa na nafasi. Muulize siku mbaya inakuwaje. Andikeni majibu, myalinganishe.

4. Rudieni hesabu ya maandazi kwa bei za mtaani kwenu. Faida kwa saa ni shilingi ngapi? Bei ya unga ikipanda kwa asilimia 25, inakuwa ngapi?

5. Wasichana na wavulana mkae makundi tofauti kwanza: ni hatari zipi zinamkabili msichana anayeuza bidhaa jioni? Na mvulana je? Kisha someaneni majibu.

6. Mdahalo: "Ni heri mtaji kuliko cheti." Upande mmoja uunge mkono, mwingine upinge. Atakayeongea bila kutoa hesabu hata moja, akae chini!